Usiniambie Nile Nini, Niambie Nani Ananilisha

Wiki hii pekee simu yangu imeniamrisha zaidi ya mara kumi. Acha sukari. Punguza wanga. Kunywa lita tatu za maji kwa siku. Usile chochote baada ya saa moja usiku. Kula mboga za majani kwa wingi. Zingatia mlo kamili. Na ile inayozunguka kwenye kila kundi la WhatsApp: asubuhi kula kama mfalme, usiku kula kama maskini. Hii ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Aliyeitunga hakufikiri hata dakika moja kwamba maskini mwenyewe anaweza kuisoma. Sasa maskini akiisoma afanye nini? Asubuhi ale kama nani?

Humu tumezoea kusoma riwaya, diwani na tamthilia na kuulizana maswali yale yale: nani anasimulia, anamsimulia nani, nani kanyamazishwa. Sioni kwa nini maandishi ya lishe yasamehewe maswali hayo. Yana wasomaji wengi kuliko riwaya yoyote tuliyowahi kuihakiki hapa. Yapo kwenye kuta za zahanati, kwenye vitabu vya kupunguza tumbo vinavyouzwa kwenye foleni za magari, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, kwenye video za vijana wenye vifua vipana wanaotufundisha kula parachichi. Yana kanuni zake kama utanzu wowote. Kitenzi kiko katika hali ya kuamuru. Nafsi ni ya pili umoja: wewe. Hakuna mandhari, hakuna majira, hakuna bei. Mhusika ni mmoja tu, huyo "wewe", naye hana mshahara, hana watoto, hana mwajiri, hana jiko la kugombania na wapangaji wenzake. Anaamka kila asubuhi akiwa mbele ya meza yenye kila kitu, na kazi yake pekee ni kuchagua. Akichagua vibaya akaugua, hadithi inaisha kwa funzo: alijitakia.

Mwandishi chipukizi akituletea mhusika wa namna hiyo tungemrudishia mswada. Tungemwambia, ndugu yangu, huyu si mtu, hebu kaa naye kwanza umjue.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kugombana nayo aijue. Maandishi haya hayasemi uongo kuhusu sukari. Sukari nyingi ni mbaya, chumvi nyingi ni mbaya, mboga ni nzuri, sina ugomvi na daktari yeyote hapo. Uongo wake uko kwenye nafsi. Yanamwambia mtu mmoja jambo linaloamuliwa na watu wengi, halafu yanambebesha huyo mmoja lawama ya wote.

Lugha yetu yenyewe inaikataa hadithi hii. Tazameni neno lishe. Mzizi wake ni -la, ule ule wa kula, lakini limepitia kwanza kauli ya kutendesha: kula, kulisha, lishe. Ndugu yake ni malisho, kule mchungaji anakopeleka ng'ombe. Kula unaweza ukala peke yako. Kwenye kulisha lazima wawepo wawili, anayelisha na anayelishwa. Hivyo mtu anaposema "lishe yangu", sarufi inamuuliza: nani kakulisha? Mtaani swali hili halijawahi kusahaulika. Ukisikia fulani kapata ulaji, hakuna anayedhani kapata kikapu cha mchicha. Wamekula hela za mradi, zamu yao kula imefika. Wananchi wanajua kabisa kwamba kula ni suala la nani yuko karibu na sufuria. Ni washauri wetu tu ndio wamelisahau.

Basi tuulize swali la sarufi, na tuanzie Iringa.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, asilimia 30 wamedumaa. Hilo peke yake linauma. Lakini angalieni wako wapi. Iringa ni asilimia 57. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto wote. Hii ndiyo mikoa tunayoisifia kwenye hotuba kwamba ni ghala la taifa. Mahindi yanatoka huko. Viazi vya chipsi za Dar es Salaam, vingi vinatoka huko. Maharage, maparachichi ya kusafirishwa nje, maziwa, vyote huko. Dar es Salaam, ambako shamba ni sufuria mbili za mchicha kwenye baraza, udumavu uko chini sana ya hapo.

Sasa chukua bango la "zingatia mlo kamili" ulibandike Iringa. Unamwambia nini mama wa pale? Kwamba hajui chakula? Yeye ndiye anayekilima! Wataalamu waliokaa na familia hizo wanataja mambo ambayo hayaingii kwenye bango: mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachwa na dada yake wa miaka saba, uji mwepesi umepikwa mara moja asubuhi na utanyweka mpaka jioni, maji si salama, mtoto anaharisha mara kwa mara, na mazao yanauzwa kwa sababu ada na matibabu vinataka fedha. Kwa lugha ya sarufi yetu, mtu anayewalisha wengine hajapata wa kumlisha mwanawe. Huyo ndiye tunayemtumia amri.

Tuvuke twende Mwanza. Kule nako bango linasema: kula samaki, wana protini. Samaki gani? Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akala wenzake ziwani, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki, kichwa na mifupa, kikapata jina la mapanki, kikakaangwa na kuuzwa kwa wenye ziwa. Hubert Sauper alipotoa filamu yake ya Darwin's Nightmare mwaka 2004, nchi ilichafukwa, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Tuligombana sana kuhusu ndege kubeba silaha na kuhusu heshima ya taifa. Swali dogo la nani anakula mnofu na nani anakula mfupa likapita katikati ya makelele.

Mimi kinachonikera zaidi kwenye kisa cha sangara ni kitu kingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, ukitaja vijidudu, kipindupindu na sumu zilizodaiwa kutumika kuvulia. Viwanda vikalazimika kujirekebisha. Zikaja maabara, barafu, wakaguzi, vyeti. Yaani afya ya mlaji wa Ulaya ililindwa na sheria, forodha na wanasayansi, tena kutoka bara jingine. Hakuna aliyemwandikia mama wa Brussels bango la kumwambia: "Chunguza minofu yako kwa makini, afya yako ni wajibu wako." Kwake yeye chakula salama ni kazi ya serikali. Kwetu sisi ni ushauri nasaha.

Hapo ndipo ninaposema ubaguzi wa fasihi hii uko kwenye kitenzi. Wenye nguvu wanatungiwa sheria, wasio na nguvu wanatungiwa amri.

Mfano mwingine uko nyumbani kabisa. Kila kliniki inamwambia mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake peke yake kwa miezi 6. Ushauri mzuri, hauna kasoro. Miezi 6 ni kama siku 180. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baada ya hapo anaruhusiwa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Anayeijua Dar es Salaam aniambie: kutoka ofisini Posta mpaka nyumbani Mbagala na kurudi, kwa saa mbili, amnyonyeshe mtoto saa ngapi? Na huyo ndiye mwenye bahati, mwenye mkataba. Muuza vitumbua wa mtaani kwetu alirudi barazani na kikaango chake mtoto akiwa na wiki tano, kamfunga mgongoni, moshi wote usoni. Kliniki walimsema kwa kumwanzishia mtoto uji mapema. Waliomsema walikuwa sahihi kwa mujibu wa bango. Hesabu ya siku zake hawakuiuliza.

Haya, tuje kwenye ugali, maana najua kuna wasomaji wanasubiri niufikie.

Washauri wanasema: acha sembe, kula dona. Sawa. Ukikoboa mahindi unaondoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta na vitamini nyingi. Kinachobaki ni weupe na wanga. Pumba zinauzwa kwa wafugaji. Kwa hiyo kuku wa mjini anakula kiini cha mahindi, sisi tunakula kilichobaki, kisha tunamnunua kuku kwa bei ili atupe afya. Na huyo kuku, mkumbuke, analishwa pia dagaa wa Ziwa Victoria, samaki mdogo ambaye angeweza kulishwa mtoto.

Lakini je, sembe tumeichagua? Muhindi wenyewe ni mgeni. Ulitoka Amerika, ukaletwa pwani yetu katika zama za Wareno, na jina lake linatudanganya kwamba ni wa India. Weupe nao una historia. Walowezi wa Kenya walilima mahindi meupe kwa sababu yalikuwa na soko la viwanda vya wanga Uingereza, na madaraja ya soko yakayatukuza meupe juu ya mengine. Mahindi ya njano, ambayo yana viini vya vitamini A ambavyo meupe hayana, yalikuja kwetu kwa meli miaka ya njaa kama msaada, watu wakayabatiza jina la yanga, na mpaka leo mzee akiona unga wa njano anakumbuka foleni. Kisha kuna duka. Dona haikai. Mafuta ya kiini yanaharibika na unga unachacha, ilhali sembe inasubiri kwenye rafu bila kulalamika. Mwenye kiwanda, msambazaji na mwenye duka wote wanapenda unga unaosubiri.

Nilimuuliza mama anayetupikia mchana karibu na kazini kwa nini hapiki dona. Akanitazama kwa huruma. "Dona? Kaka, nikipika dona wateja wanasema nawapa ugali wa jela. Wanahamia kwa mwenzangu pale." Nikamuuliza kuhusu maharage, mbona siku hizi yamepungua kwenye sinia. "Maharage yanataka saa mbili za moto. Mkaa unajua bei yake wewe? Chipsi dakika kumi mtu kashiba kaondoka." Hapo nilipata somo la uchumi wa lishe ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha kupunguza tumbo. Mlo wa mtu wa mjini umeamuliwa na bei ya mkaa, urefu wa muda wa chakula cha mchana, kumbukumbu za bweni na jela, na mwenye kibanda cha pili. Ladha ya mlaji ipo, lakini imekaa nyuma ya foleni.

Unga ni siasa pia, na wenye siasa hawajifichi. Kenya mwaka 2017, mwaka wa uchaguzi, serikali iliweka ruzuku mpaka pakiti ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya kura, ikashushwa tena, mpaka shilingi 100. Wanasiasa hawajawahi kuamini kwamba ugali ni uamuzi wa mtu binafsi. Wanajua kabisa kwamba anayelisha anadai shukrani.

Kuna kambi ya pili ambayo nayo naigomba, na hii inaniuma kwa sababu ni ya wenzangu waandishi. Ni kambi ya bibi. Insha hizi tunazijua: bibi alikula mtama na mlenda, hakuwahi kusikia kisukari, aliishi miaka mia, sisi tumepotea, turudi kwenye asili. Zinaandikwa kwa Kiswahili kitamu, na mimi huzisoma mpaka mwisho. Lakini zinafanya kosa lile lile la bango, ila kwa sauti laini. Bibi kwenye insha hizi anakula tu. Haonekani akitwanga. Mtama hautwangiki wenyewe, kisamvu hakijitwangi. Kuna saa nyingi za mikono ya wanawake ndani ya kile chungu, na mashine ya kukoboa ilipofika kijijini wanawake hawakuilaani, walipanga foleni. Anayetutaka turudi kwenye kinu aseme kwanza nani atashika mchi.

Wala asili si kinga. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumukuvu. Mahindi mengi yaliyowaua hayakutoka kiwandani wala hayakuwa na kemikali. Yalikuwa ya kwao, ya shamba lao, yaliyovunwa yakiwa na unyevu na kuhifadhiwa ndani kwa hofu ya mvua na wezi. Kilichokosekana pale hakikuwa elimu ya kupenda vya asili. Palikosekana pa kukaushia, ghala na kipimo.

Anayetaka kuona namna ya kuheshimu chakula cha bibi bila kumlilia bibi amtazame Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mnavu, mgagani, mchicha, kunde, mboga ambazo mabwana shamba wa zamani waliziita magugu, yeye amezifanyia utafiti kwa miaka mingi: mbegu zake, namna ya kuzilima, virutubishi vyake, namna ya kuzipika, soko lake. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtunuku tuzo ya sayansi. Leo mboga hizo zipo kwenye masoko ya Nairobi na wenye hoteli wanazitafuta. Mboga za kienyeji zilirudi kwenye sahani kwa sababu kuna mtu alishughulikia mbegu.

Najua swali linalokuja. "Kwa hiyo mtu hana wajibu? Anayekunywa soda tano kwa siku tumwonee huruma, tumlaumu mkoloni?" Hapana. Mimi na wewe unayesoma hapa kwenye simu yenye bando, wengi wetu tunao uhuru kidogo wa kuchagua, na tukiutumia kujaza sukari kwenye chai tusimtafute mchawi. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila kumi na mmoja ana kisukari, na mmoja katika wanne ana shinikizo la damu. Hayo ni maradhi ya ndugu zetu, tunawasindikiza kliniki. Sisemi watu wasishauriwe. Nasema ushauri upewe ukubwa wake halisi. Wajibu wa mtu unaanzia pale uwezo wake unapoanzia. Ukimpa mtu wajibu wa mfalme na uwezo wa maskini, hapo humshauri tena, unamdhihaki.

Na wanaoniambia kwamba hakuna namna nyingine, kwamba hatimaye kila mtu atashika kijiko chake, nawajibu kwa chumvi. Wazee wa nyanda za juu wanakumbuka watu wenye rovu, ule uvimbe wa shingo. Lilikuwa jambo la kawaida, hata watoto shuleni walikuwa nalo. Leo kijana wa Mbeya hajui hata neno lenyewe. Nani alimwamrisha? Hakuna. Kuanzia miaka ya 1990 sheria iliwataka wazalishaji watie madini joto kwenye chumvi, na watu wakaendelea kupika kama walivyopika. Hakuna aliyehutubiwa kuhusu nidhamu, hakuna aliyebadilisha ladha yake. Amri ilimwendea mwenye chumvi badala ya mwenye kijiko. Unga na mafuta ya viwandani navyo viliwekewa kanuni za kuongezwa virutubishi mwaka 2011. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi, kwa sababu mahindi mengi yanasagwa kwenye mashine za mtaani ambazo kanuni hizo haziwafikii kirahisi. Lakini angalau hapo kitenzi kimeelekezwa kwa mtu sahihi.

Wenzetu nao wamegeuza nafsi. Chile, tangu 2016, chakula cha pakiti chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi lazima kivae alama nyeusi ya pembe nane mbele kabisa, ionekane hata na mtoto. Mexico iliweka kodi kwenye vinywaji vya sukari tangu 2014. Brazil ilitunga sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo, kwa hiyo sahani ya mtoto ikawa pia soko la mkulima. Mwongozo wao wa ulaji wa mwaka 2014 unafanya jambo ambalo bango letu halithubutu: unaizungumzia milo badala ya virutubishi pekee, unahimiza kula pamoja na wenzako, na unamtahadharisha mlaji kuhusu matangazo ya biashara.

Kama Amerika ni mbali, Nairobi si mbali. Tangu 2023 kaunti ile ina mpango wa Dishi na County, ambapo mtoto wa shule ya umma anapata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Na kabla ya huo, Wakenya wa rika fulani ukiwatajia maziwa ya Nyayo nyuso zao zinabadilika. Maziwa yale yalianza kugawiwa mashuleni mwaka 1979, na mtu mzima wa leo, hata kama ana mengi ya kusema dhidi ya utawala ule, bado anakumbuka pakiti ya pembetatu na siku ilipofika. Hakuna anayemkumbuka aliyemwambia "kunywa maziwa". Wanamkumbuka aliyeleta maziwa.

Sasa nirudi kwetu, wenye kalamu na wenye kusoma. Fasihi ya Kiswahili haijawahi kuwa maskini wa mawazo juu ya chakula. Shaaban Robert alipoandika Utubora Mkulima alimtoa mhusika wake kwenye kazi ya mjini akamrudisha kwenye udongo, akauliza utu una uhusiano gani na jembe. Unaweza usikubaliane na jibu lake, mimi mwenyewe naliona lina utamu kupita kiasi, lakini swali lilikuwa kubwa kuliko tumbo la mtu mmoja. Sisi tumeliacha swali hilo kwa wauza vidonge vya kupunguza uzito. Tunahakiki ndoa, siasa, uhamiaji, mapenzi, na mhusika akikaa mezani tunaruka mstari. Kesho ukisoma riwaya, simama hapo alipokaa. Nani kapika? Kaamka saa ngapi? Mhusika akishiba, nani kabaki na ukoko? Mwandishi asiyejibu maswali hayo ametuandikia bango tu, hata kama ana tuzo.

Na kwa kuwa hoja isiyo na kazi ya kufanya ni porojo, nawaachia kazi moja. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa ajili ya shughuli za lishe. Elfu moja, mwaka mzima. Haifiki bei ya soda mbili. Hata hiyo elfu moja, kutengwa kwenye makaratasi ni jambo moja na kutolewa ni jambo jingine. Diwani wako ana namba ya simu, na mkutano wa kata una tarehe. Nenda ukamuulize mambo matatu tu: mwaka huu elfu moja za watoto wetu zimetengwa ngapi, zimetoka ngapi, na zimenunua nini. Akianza kukueleza umuhimu wa mlo kamili, mwambie kwa heshima kwamba hilo unalijua tangu darasa la tatu, na urudie swali.